Orodha za mama, mkebe wa gorogoro, na ugoro ambao sikujua ni wa nani

#1 Fundi wa Kibuye

Wadau, jana nilikuwa nahamisha namba kutoka kwa kabambe yangu ya zamani, ile ya tochi, kabla haijazimika kabisa. Kioo kimepasuka na kitufe cha tano hakibonyeki, lakini jumbe zote za 2020 bado zimo. Nikakaa nazo mpaka chai ikapoa. Naomba niandike hapa, najua wengi mna za kwenu.

Mimi ni fundi cherehani, soko la Kibuye, hapa Kisumu. Kwetu ni Bunyore, kaunti ya Vihiga, upande wa Luanda, kule kwenye mawe makubwa kama nyumba. Mama anaishi huko na mtoto wa dada yangu. Mwaka huo kijana alikuwa darasa la tano. Mama alikuwa na miaka 66 na presha.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Ijumaa, 13 Machi 2020. Jumapili yake rais akafunga shule. Tarehe 25 kafyu ikaanza, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Mimi nikampigia mama nikamwambia: hakuna kwenda sokoni tena. Luanda kuna soko kubwa tu, kila kitu kipo, lakini ni soko la kusukumana mabega, na mama akienda kununua nyanya tatu anasalimia watu thelathini, wote kwa mkono. Nikamwambia nitanunua mimi huku, niweke kwa gari, kijana aende apokee steji. Akakubali upesi hadi nikashangaa. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa amepata mtu wa kutumwa.

Mama hajui kuandika ujumbe kwa simu, au anajua na hataki. Kazi hiyo akapewa kijana. Mama anataja kwa Kinyore, kijana anageuza kwa Kiswahili, kwa sababu mwalimu wake alikuwa amewaambia kabla ya kufunga waandike sentensi tano za Kiswahili kila siku. Basi orodha za mama zikawa ndiyo imla yake. Nakili ya kwanza hii hapa, sijagusa hata herufi (Kukhu ni bibi, yaani mama yangu):

"Habari anko. Ni mimi. Kukhu anasema ununue unga 2 sukari 1 chumvi betri mbili za redio sabuni ya mche na goro ya 50. Anasema uvae maski. Anasema pia usikohoe kwa gari watakushusha."

Goro ya 50. Nikasoma mara mbili. Nikasema huyu mtoto ameishiwa nguvu katikati ya neno, mama anataka gorogoro, mkebe wa kupimia mahindi. Lakini gorogoro ya hamsini? Nikazunguka Kibuye nikapata mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, wa kilo mbili, wenye kifuniko chake, safi. Mama muuzaji akataka sabini, tukaongea, nikautoa kwa hamsini kamili. Nikajisifu kabisa.

Nikafunga kila kitu ndani ya katoni ya sabuni, nikakaza kwa kamba ya katani, nikaandika jina la kijana na namba ya simu kwa wino mzito pande mbili, maana upande mmoja ukigeukia chini konda hana habari nawe. Gari la watu kumi na wanne siku hizo lilikuwa linabeba wanane, nauli imepanda, na konda naye akajua mzigo ni abiria asiyebishana. Akanitoza mia. Nikatuma namba ya gari kwa ujumbe, nikarudi kwa cherehani.

Jioni mama akapiga mwenyewe.

"Mwanangu, huu mkebe ni wa nini?"

"Si uliagiza gorogoro?"

"Nimesema ugoro. Ugoro! Sasa huu mkebe nani ataunusa?"

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Mama yangu ni wa chama cha kina mama kanisani, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Hajawahi kugusa tumbaku. Baba, ambaye alifariki 2009, naye hakuwa akivuta wala kunusa.

"Na ugoro nani ataunusa, mama?"

Kimya. Nikasikia redio nyuma yake.

"Wewe leta."

Nitaendelea jioni, kuna mteja amesimama hapa na kitambaa.

---

#2 Omena Kavu

Hahaha, mkebe nani ataunusa! Fundi rudi haraka. Mimi nabahatisha kwamba mama alikuwa anautumia kufukuza nyoka. Huku kwetu wazee humwaga ugoro mlangoni.

Wakati unasubiri kitambaa, hii yangu. Mimi ni wa Dunga, ufukoni mwa Ziwa Viktoria. Mwaka huo sisi tulikuwa na korona nyuma na ziwa mbele. Mei 2020 maji yalipanda yakapita hata kiwango cha 1964. Kila asubuhi nilikuwa naweka kijiti ukingoni, na kesho yake kijiti kiko ndani ya maji. Serikali inasema kaa nyumbani, na nyumbani kuna kambare.

Dani, mama yake baba, alikataa kuhama. Akasema maji haya anayajua, yalikuja wakati wa Uhuru akiwa msichana, na yatarudi yalikotoka. Kila siku nilikuwa nampelekea makaa nikiwa nimeyabeba kichwani, maji magotini. Anapokea, anahesabu vipande, halafu ananiuliza kwa nini sijavaa barakoa. Nimesimama ndani ya ziwa, dani! Tulimhamisha siku kitanda kilipoanza kuelea upande mmoja. Hata hapo alisema anaenda kusalimia tu.

---

#3 Jirani wa Kondele

Fundi, sahihisha kidogo. Kafyu ilitangazwa tarehe 25, ikaanza Ijumaa tarehe 27 Machi. Nakumbuka vizuri kwa sababu siku hiyo nilikuwa na nyama ya kilo moja mkononi saa kumi na mbili na dakika arobaini, pale mzunguko wa Kondele, na tuktuk zote zimejaa watu wanaokimbia kama kuku walioona mwewe. Nilikimbia na nyama mpaka Manyatta. Karatasi ya gazeti ikachanika njiani. Nilifika na kilo moja ila ni ya vumbi.

Endelea na ugoro.

---

#4 Fundi wa Kibuye

Asante jirani, ni 27 kweli. Na pole ya nyama.

Haya. Wiki iliyofuata nikaenda kutafuta ugoro. Wanaojua Kibuye wanajua kwamba huwezi kukosa kitu, shida ni kujua kinakaa mstari gani. Nikampata mzee mmoja nyuma ya wauza kamba. Anasaga tumbaku mwenyewe, anatia magadi, anapima kwa kijiko kidogo cha mbao na kufunga kwa kipande cha gazeti, mkunjo kama wa sambusa. Sasa mzee yule alipokuwa akinipimia, upepo ukapita, akapiga chafya. Aprili 2020, wadau. Chafya! Waliokuwa karibu waliruka kama mmeza moto. Mama mmoja aliacha kikapu chake. Mzee akatazama huku na huku, akasema pole pole, "Ni biashara tu. Ni biashara." Nikalipa, nikaweka ugoro mfukoni nikiondoka kama mwizi.

Kwa miezi mitatu "goro ya 50" haikukosa kwenye orodha. Sukari ilikosa wiki moja, betri zilikosa, goro haikukosa. Kijana alikuja kujua tahajia ya mchele, ya kiberiti, hata ya "parachichi", lakini neno hilo aliliacha hivyo hivyo. Nadhani alipenda nilivyokosea.

Mambo yangu mimi yalikuwa yamegeuka. Kazi yangu kubwa ni sare za shule, na shule zimefungwa. Nilikuwa na marobota ya kitambaa cha kijani cha shule moja hapa karibu, yameniangalia tu. Barakoa zilipokuwa lazima, nikayakata yote. Mikunjo mitatu mbele, tabaka mbili, lastiki pembeni, hamsini kila moja. Kitambaa kilikuwepo, lastiki ndiyo ikaadimika. Kuna wiki nilikuwa nanunua chupi za watoto za mtumba nazifumua kiunoni nitoe lastiki. Sikuwahi kumwambia mteja. Leo nasema. Kwa hiyo kama ulinunua barakoa ya kijani Kibuye mwaka huo, salamu.

Mama nilimtumia kumi, za kitenge, si za kijani. Pesa nazo nilikuwa nagawa mia tisa tisa, kwa sababu kutuma hadi elfu moja kwa M-Pesa kulikuwa bure. Naona kwenye simu: 900, 900, 450. Hiyo ya 450 sitaki kuikumbuka.

Julai 6 rais akafungua Nairobi na kuruhusu makanisa, watu mia moja, saa moja ya ibada, na wasiwe chini ya miaka 13 wala juu ya 58. Mama akapiga simu siku hiyo hiyo. "Serikali imenitoa ushirika," akasema. Miaka yote ameketi benchi la pili kushoto, leo hata wazee wa kanisa wenyewe hawaruhusiwi kuingia, wataongozwa na vijana wasiojua nyimbo. Nilimwambia aimbe na redio. Akasema redio haishiki kitabu.

Agosti nikaenda nyumbani mwenyewe, mara ya kwanza tangu Machi. Nilikuwa na hofu nitawapelekea. Niliketi chini ya mparachichi na barakoa, mama akaketi mlangoni, katikati yetu kijana anapeleka chai kama mjumbe wa nchi mbili. Na ndipo nikauona ule mkebe. Mama aliutoa nyuma ya mlango, akatia kile kifungo cha gazeti ndani, akafunga kifuniko, akatembea nao hadi kwenye ua wa mpaka, akauning'iniza kwenye tawi kwa kipande cha waya. Akarudi. Hakuniangalia.

Ng'ambo ya ua huo kulikuwa na boma la mke wa ndugu mdogo wa babu. Sisi tulimwita Kukhu wa Ng'ambo. Na niwaambie ukweli, nyumba yetu na yake zilikuwa hazisemezani tangu mwisho wa 1997.

Ni zile mvua za El Niño. Mpakani palikuwa na mti mkubwa wa lusiola, uliopandwa na babu wote wawili au mmoja wao, inategemea unamuuliza nani. Usiku mmoja mti ukang'oka ukaangukia upande wake, ukabomoa ukuta wa jiko lake. Asubuhi baba akaenda na wapasuaji, akapasua mbao, akazibeba kuja kwetu. Kukhu akasema mti ulioangukia kwake ni wake, hasa ukishavunja sufuria zake. Baba akasema shina lilikuwa upande wetu. Wazee wakaketi mara mbili. Baba akajenga ukuta wa jiko upya, kwa udongo mzuri, lakini mbao hakurudisha. Alitengeneza mlango. Ndio mlango wa mbele wa nyumba yetu, mama anaufungua kila asubuhi mpaka leo, na una alama ya fundo la mti katikati kama jicho.

Sasa, Kukhu wa Ng'ambo alikuwa mnusaji. Kila asubuhi tangu nikiwa mdogo, kabla ya jogoo wa pili, tulisikia chafya zake tatu. Tatu kamili. Baba alikuwa akisema kwa hasira, "Saa kumi na mbili imefika," na kweli tulikuwa tunaamkia hizo kwenda shule. Ugoro aliletewa na mwanawe wa Kawangware, Nairobi, kila mwezi, kwa basi. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa.

Mama alinieleza huku akichambua mchele, bila kuinua kichwa. "Nilisikia asubuhi kumekuwa kimya. Siku ya kwanza nikasema ni mgonjwa. Siku ya tatu nikasikia anamgombeza mjukuu, sauti nzima. Nikajua ni ugoro umeisha."

Nikamwuliza kwa nini asimpelekee mkononi.

"Hatusemezani," akasema, kana kwamba nimeuliza kwa nini samaki haanikwi juani usiku.

---

#5 Omena Kavu

Aisee. Nyoka wangu nimemwondoa.

Mkebe ulirudi mtupu?

---

#6 Mwalimu Bila Chaki

Nimesoma hadi mwisho nikiwa kwenye foleni ya benki, nimepitwa zamu yangu.

Kuhusu gorogoro, kwetu Kakamega marehemu baba alikuwa hawezi kuuona mkebe huo bila kutaja 1984. Ukame ule. Anasema kabla yake mtu aliaibika kununua mahindi kwa mkebe, ulinunua gunia au debe. Mwaka huo watu wenye mashamba walipanga foleni na mkebe wa kilo mbili kununua mahindi ya manjano kutoka Marekani. Aliyala na hakuyasamehe. Hadi anazeeka, ukimpikia ugali wenye rangi kidogo, anauliza ni wa mwaka gani.

Nilimkumbuka sana 2020. Nilikuwa nafundisha shule ya binafsi, siitaji. Mshahara wa Machi ulikuja nusu, wa Aprili haukuja, Mei tukaacha kuuliza. Kufikia Julai darasa langu la kwanza lilikuwa na kuku. Si methali, ni kuku kweli, wa mayai, na ubaoni bado kuna maandishi yangu: "Ngeli ya KI-VI". Mwenye shule akanipa kazi ya kuuza hayo mayai kwa trei. Nikawa napita kwa wazazi wa wanafunzi wangu na baiskeli. Mtoto anakimbia kutoka nyumbani, "Mwalimu! Mwalimu!", halafu anaona trei na kusimama. Hilo ndilo lililonikaa. Hakucheka. Alisimama tu akaniuliza, "Mwalimu, nikuitie mama?"

Mayai yalinunuliwa vizuri, sina neno. Wengine walinunua trei mbili na najua hawakuwa na watu wa kula trei mbili.

---

#7 Dada wa Lanet

Mimi wa Nakuru. Sisi kufungiwa kwetu kulikuwa 2021. Tarehe 26 Machi, Nakuru ikawekwa kundi moja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, hakuna kutoka wala kuingia hadi Mei mosi. Na baba yangu yuko upande wa Kericho, na miwani yake iko kwangu Lanet. Alikuwa ameivunja mkono, nikaipeleka kwa fundi mjini ikashikwe kwa skrubu mpya. Nilikuwa nimpelekee Jumamosi. Ijumaa tukafungwa.

Mtu atasema miwani ni nini. Baba anasoma Biblia na gazeti, hana kingine. Akaanza kunipigia kila jioni kuniuliza habari ambazo gazeti analo hapo mkononi. "Hapa wameandika nini juu ya chanjo? Kuna picha ya mtu ameshika mkono." Namsomea kutoka kwa simu yangu gazeti ambalo yeye ameligusa.

Magari ya mizigo yalikuwa yanapita kizuizini. Nikapata dereva wa lori la viazi. Nikaiweka miwani ndani ya soksi, soksi ndani ya mkebe wa majani ya chai, mkebe ndani ya kofia ya sufu. Dereva akaning'iniza kofia kwenye kioo chake. Akanipigia akiwa Londiani: "Mzee ameipata. Ameivaa hapa hapa barabarani, ananitazama sana." Nikauliza anasemaje. "Anasema nimenenepa. Hatujawahi kuonana!"

---

#8 Jirani wa Kondele

Dada, huyo mzee apewe salamu zangu.

Fundi, jibu swali la Omena. Mkebe ulirudi na nini?

---

#9 Fundi wa Kibuye

Samahani, nilikuwa na harusi, magauni saba.

Mkebe haukurudi mtupu. Sijui kwenu, kwetu chombo cha mtu hakirudi kikilia. Mama hakuniambia, kijana ndiye aliyenitolea siri. Kesho yake asubuhi, baada ya chafya tatu, anakuta mkebe kwenye tawi lile lile, umegeuzwa kifuniko kikitazama kwetu. Ndani njugu mawe. Au mbegu za mlenda. Mara moja mayai mawili ya kuku wa kienyeji, yamelazwa juu ya majani makavu ya migomba. Mama anatoa, anapika, hasemi vimetoka wapi. Kijana alikula njugu za adui wa babu yake miezi yote hiyo, akanenepa.

Nairobi ilipofunguliwa Julai, mwanawe Kukhu akaja na ugoro wa kutosha mwaka. Nilidhani goro itatoka kwenye orodha. Haikutoka. Sasa mzee wa Kibuye alikuwa ananijua, ananifungia bila kuuliza. Shule zikafunguliwa zote Januari 4, 2021, kijana akarudi darasani na kuandika orodha Jumamosi tu, kwa sentensi ndefu zaidi. Moja inasema: "Kukhu anasema goro ile ya mwisho ilikuwa na magadi mengi, wenyewe wamelalamika." Wenyewe! Wamelalamika kwa njia gani na watu hawasemezani? Nilimwuliza mama. Akasema chafya zilikuwa tano.

Juni 2021 ikawa zamu yetu huku. Tarehe 18 kaunti kumi na tatu za Magharibi, Nyanza na jirani zake zikawekewa masharti, Kisumu na Vihiga zikiwemo. Kafyu ikarudi saa moja usiku. Mazishi ndani ya saa 72, watu hamsini. Mnaotoka huku mnajua maana ya hilo. Mazishi ya watu hamsini kwetu ni kama kumzika mtu kwa siri.

Kukhu wa Ng'ambo alifariki wiki ya mwisho ya mwezi huo. Ugonjwa gani sijui, alikuwa mtu mzima sana, alilala hakuamka. Wanawe wakaandika majina hamsini, na naibu wa chifu akawa anahesabu vichwa langoni. Jina la mama halikuwemo. Siwalaumu. Wao walikuwa Nairobi, walichojua ni kwamba nyumba ile na hii hazisemezani. Mkebe hawakuujua.

Mama hakuenda kuuliza. Aliweka kiti kwenye ule mlango, upande wetu, akavaa kitambaa cheupe, akaketi. Kutoka pale hadi kaburini ni kama mita arobaini, kuna ua tu katikati. Alisikia mahubiri yote, walikuwa na kipaza sauti. Wimbo ulipoanza akaimba naye, akiwa ameketi, kijana akishika kitabu. Alipomaliza akaingia ndani na kiti chake.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa Kisumu, na saa moja ilikuwa inakaribia. Ninayajua haya kwa ujumbe. Kijana aliandika: "Anko tumezika. Sisi tumezikia kwetu."

---

#10 Omena Kavu

Tumezikia kwetu. Huyo kijana yuko wapi siku hizi? Apewe kalamu.

---

#11 Mwalimu Bila Chaki

Mtoto wa darasa la tano 2020 maana yake alikuwa kwenye KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ya mwisho kabisa, 2023. Kundi hilo lilikula mihula mifupi mifupi kama mtu anayekimbizwa na mvua. Nami nauliza, yuko wapi?

Na mkebe je?

---

#12 Fundi wa Kibuye

Ndiyo mwalimu, alikuwa kwenye ile ya mwisho. Yuko sekondari, ana sauti nzito na hataki kutumwa. Kiswahili chake ni kizuri, asante imla.

Mkebe siku ile ya msiba ulikuwa ng'ambo. Ulikuwa umekwenda na ugoro haujarudi. Mama hakuwahi kuuomba. Mke wa yule mwana wa Kawangware alihamia nyumbani baadaye, akaanza kuuza mahindi Luanda, na chombo anachopimia ni ule ule, naujua kwa lile bonde la pembeni nilipouangusha siku nilipoununua. Yeye na mama husalimiana, za juu juu, "mwamkaje", basi. Kila akimwona nao njiani mama huutazama mkebe kwanza halafu mtu.

Nilipoanza uzi huu nilimwambia mama nitaandika habari zake. Akauliza watu wangapi watasoma. Nikasema labda mia. Akasema wakati ule ilikuwa hamsini.

Sasa leo asubuhi nimepata huu, kijana yuko nyumbani kwa likizo. Nakili:

"Habari anko. Unga 2, sukari 1, majani, betri mbili za redio (nimemwambia redio ina chaji amekataa). Na gorogoro moja. Kukhu anasema safari hii usilete ugoro, ni gorogoro kweli. Mkebe. Uwe na kifuniko."

---

#13 Dada wa Lanet

Wa nini tena??

---

#14 Fundi wa Kibuye

Sijauliza. Nimepata mmoja kwa mia na thelathini, mambo yamepanda. Gari la saa sita linajaa, naenda steji.